Kisa cha nguo za bluu zilizochuja: mwanafunzi wa dansi, mdundiko na beseni la rangi

Nakiandika kisa hiki kizima kizima mana kila ikikaribia mitihani ya kuhitimu napigiwa simu za aina moja, dansa katia rangi nguo zake mwenyewe, nguo zimechuja, shoo wiki ijayo, anti nifanyeje. Mimi ni mtu wa batiki, dansi naijua kwa kupitia mlango wa mavazi tu, ila nimekaa na madensa vya kutosha kujua kwamba shida ikifika kwangu inaitwa ya rangi, wakati rangi yenyewe ni nusu yake. Mwenye kisa kakubali niandike, jina lake na la chuo chake nayaacha. Yuko Dar, mwaka wa mwisho.

Niseme mapema naelekea wapi: huyu binti alitunga dansi kwanza akamaliza, nguo akaziweka mwisho kama pambo, na hapo ndo palipomgharimu. Kemia ya rangi nitaieleza mana wengi hamuijui, lakini msije mkasoma hii mkadhani dawa ni kununua rangi nzuri zaidi.

Kazi yake ilikuwa kipande cha kuhitimu, wachezaji sita, kama dakika ishirini hivi, wachezaji wote wanafunzi wenzake wanaocheza kwa nauli na chipsi. Msingi wake ni mdundiko, ngoma ya Wazaramo, bibi yake ni mtu wa Kisarawe kwaio hakuutoa kwenye video. Kwa asiyeujua, mdundiko ni ngoma ya kutembea, ngoma zinapigwa huku zinasonga, mwali katolewa ndani, watu wanafuata mtaa hadi mtaa, na kila aliyekulia uswahilini Dar ana hadithi ya mtoto aliyefuata mdundiko mpaka akapotelea mtaa asioujua. Sasa ngoma ambayo uhai wake wote ni kusonga unaiingizaje kwenye steji ya hatua kumi na mbili? Wengi wanaishia kuisimamisha, wanapanga watu mstari wanakatika kiuno wakitazama watazamaji, basi, imekufa. Yeye alifanya hivi: wachezaji wanapita kona kwa kona kwa safu, wa mbele akifika ukingoni anazunguka nyuma ya pazia gizani anaibuka tena kama wa mwisho, kwaio msafara haukati, wewe uliyekaa unaona watu sita lakini kichwani unahesabu mtaa mzima. Alafu kila baada ya mizunguko kadhaa mmoja anaanguka, analala chini na kujiviringisha ile staili waliyofundishwa chuoni, na waliobaki wanamruka bila kupunguza mwendo. Nimeiona kwenye mazoezi wakiwa na taitsi na fulana tu na nakwambia hapo ilikuwa tayari ni kazi nzuri.

Juu ya hiyo akaongeza wazo la nguo. Nguo sita, ya kwanza nyeupe, ya mwisho bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, nne za katikati zikipanda taratibu. Nyeupe ni merikani, nyeusi ni kaniki. Historia yake ni ya kweli na hakuibuni: merikani ni ile pamba nzito isiyotiwa rangi iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Kimarekani, wengi wao wa mji wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa 1833 na Seyyid Said. Ndo ilikuwa nguo ya wanawake wa hali ya chini, watumwa wakiwemo, na ikizamishwa kwenye nili, ile rangi ya bluu ya mmea, inakuwa kaniki. Utumwa ulipokatazwa kisheria Unguja mwaka 1897 wanawake walikuwa wameshaanza kuziacha zote mbili, wanaingia kwenye kanga. Kwaio safu yake inayotembea kutoka weupe kwenda weusi ilikuwa na maana ndani yake.

Binafsi niliona ni mawazo mawili kwenye chungu kimoja, mdundiko wa mwali wa Kizaramo ni jambo moja na nguo za watumwa wa Unguja ni jambo lingine, ingawa kaniki imevaliwa pande zote mbili za bahari. Nilimwambia. Akajibu, anti bibi yangu kacheza mdundiko na kaniki kavaa, kwake ni kitu kimoja. Nikanyamaza, kazi ni yake.

Kuna kipande cha katikati ambacho kisa hiki chote kinakigusa, walikuwa wanakiita kupokezana. Wote sita wanafungua nguo wakiwa wanatembea, kila mmoja anairusha kwa aliye nyuma, unadaka, unajifunga tena, na miguu haijasimama hata hesabu moja. Hesabu nane tu, mbili za kufungua, mbili za kurusha, nne za kujifunga. Kwa wiki kadhaa walikifanyia mazoezi na kanga walizotoka nazo majumbani. Kanga ni nyepesi, ina kipimo kinachojulikana, kama sentimita 150 kwa 110, mkono wa kila mwanamke aliyekulia huku unajua kuifunga gizani, inaruka vizuri na inashuka vizuri. Kwaio kipande kikaiva, na nguo halisi bado hazijanunuliwa.

Kitambaa alinunua Kariakoo, muuzaji akamuapia ni pamba tupu. Haikuwa, au tuseme haikuwa yote. Alichukua kwenye majora mawili kwa sababu la kwanza liliisha, na moja lilikuwa tetroni, ule mchanganyiko wa pamba na poliesta. Ukishika kwa mkono hutofautishi, hasa kikiwa kipya kimejaa ile dawa ya kiwandani inayofanya kitambaa kiwe kigumu na cha kung'aa. Kiberiti kingemwambia palepale. Chomoa nyuzi chache pembeni ya kitambaa uzichome: pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, inaacha jivu laini ukilishika linapotea kwenye vidole. Poliesta inajikunja ikikimbia moto, inayeyuka, inaacha kigololi cheusi kigumu. Tetroni inakupa vyote, inaungua huku jivu lina mchanga mgumu ndani. Muuzaji mkweli hakukatazi kuchoma nyuzi tatu.

Kwa nini ni muhimu hivo? Rangi zetu za batiki, zile za kuchanganya na kostiki soda (ile dawa kali ya kutengenezea sabuni) na haidro (unga mweupe unaoondoa oksijeni kwenye rangi), zinashika pamba. Familia hii ya rangi, kwa zile za kiwandani tunazotumia, ilianza Ujerumani 1901 na sifa yake kubwa ni kwamba ikishika kweli haitoki, si kwa jua si kwa sabuni. Namna inavyofanya kazi ni kwamba rangi yenyewe haiyeyuki kwenye maji, kostiki na haidro vinaibadilisha iyeyuke, ikiwa hivo inaingia ndani ya uzi, alafu ukiitoa nje hewa inairudisha kwenye hali yake ya kutoyeyuka, imeshafungiwa humo ndani. Ndo mana mara nyingi kitambaa kikitoka kwenye beseni kina sura isiyo yake na unakiona kinageuka mbele ya macho yako kikiguswa na upepo. Poliesta haina habari na mambo hayo, yenyewe inataka rangi za aina nyingine na joto la kiwandani, nyuzi 130 ndani ya mtungi wenye presha, kitu ambacho huna nyumbani Mbagala. Kwaio kwenye tetroni nusu ya uzi inakubali rangi, nusu nyingine inapakwa tu juu juu kwa muda.

Hilo la kwanza. La pili ni sufuria, na hapa naomba mtu asome mara mbili. Alichanganyia kwenye sufuria la aluminiamu, lile la kupikia wali wa shughuli. Kostiki inakula aluminiamu. Ilitoa povu zuri sana akafurahi akidhani ndo rangi inaiva, kumbe ni kostiki inapigana na sufuria, inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inashika moto, na jiko la mkaa liko hatua mbili kutoka hapo. Mungu alimsaidia alikuwa nje uani. Mbali na hatari yenyewe, kostiki iliyoliwa na sufuria haipo tena kufanya kazi kwenye rangi, kwaio rangi haikuyeyuka vizuri, ikabaki chembechembe zinazokaa juu ya kitambaa. Tumia ndoo ya plastiki au chuma cha pua. Kostiki ndo inamwagwa kwenye maji, kidogo kidogo, maji hayamwagwi juu ya kostiki mana inachemka ghafla na kurukia macho. Glovu ndefu. Na haidro iwekwe pakavu kabisa, ikipata unyevu inapata joto yenyewe mpaka inaweza kuwaka, hamtakiwi kuiacha kwenye mfuko uliofunguka chini ya sinki.

La tatu, alishona kwanza akatia rangi baadaye. Fundi alimkatia na kumpindia vizuri kabisa kwa uzi wa kawaida wa cherehani, ambao ni poliesta. Nguo ikatoka bluu na mishono yote ikabaki myeupe, mistari mieupe inapita kiunoni na kwenye pindo. Hii yeye aliipenda akataka ibaki, na kusema kweli kwenye nguo ya nne ilipendeza. Lakini pamba imeingia maji ya moto kwa mara ya kwanza ikiwa imeshakatwa, ikarudi, na nguo zilizopimwa kufika kwenye kifundo zikaishia katikati ya goti na kifundo, zile za tetroni zikabaki ndefu. Sita sita tofauti.

La nne ni mpangilio wa kukolea. Kila nguo aliitia rangi siku yake, mchanganyiko mpya kila siku, akikadiria kwa jicho, na akikadiria ikiwa mbichi. Nguo mbichi siku zote inaonekana imekolea kuliko itakavyokuwa ikikauka, kila mtu aliyefua jinzi anajua. Matokeo yake ya tatu ikawa nyeusi kuliko ya nne, ya tano imepauka mabaka mabaka. Ukitaka ngazi ya rangi unafanya kinyume, nguo zote za rangi zinaingia beseni moja siku moja, mchanganyiko mwepesi, unazitoa zote zipigwe upepo, ile ya kwanza inakaa pembeni imemaliza, nyingine zinarudi, upepo tena, ya pili inakaa pembeni, mpaka ya mwisho imerudi mara nyingi kuliko zote. Hapo hata ukitaka kukosea mpangilio huwezi. Na unakuwa na kitambaa chakavu cha majaribio cha aina ileile unakikausha kwa pasi uone ukweli.

Basi wakavaa mazoezini kwa mara ya kwanza zikiwa zimebaki siku chache shoo ifike. Ukumbi hauna feni ya maana, mwezi wa pili, mnajua joto la Dar la mwezi wa pili. Baada ya mizunguko michache majasho yanatiririka, nguo zimelowa mgongoni na chini ya kwapa, shingo za bluu, mapaja ya bluu, yule anayejiviringisha chini kaacha michirizi ya bluu kwenye sakafu ya mbao ambayo mlinzi wa ukumbi hakuifurahia hata kidogo. Wawili wakaanza kuwashwa, mmoja kiuno chote kimekuwa chekundu. Na kupokezana kukafa kabisa. Pamba iliyolowa ni nzito, haijifungui kwa hesabu mbili, inang'ang'ania mwili, ikirushwa inaenda kama tambara la deki inamgonga mwenzako usoni, na ile iliyorudi haimzunguki mtu mwenye mwili mkubwa ikafungika. Hesabu nane zikawa kumi na nne, kumi na sita, ngoma inakimbia mbele watu wako nyuma.

Ndo simu ikaja. Nilikwenda.

Kabla sijafika walikuwa wameshashauriwa kila kitu. Chumvi na siki, kwa mfano, loweka usiku kucha itafunga rangi. Nimechoka na ushauri huu. Chumvi ndani ya beseni la rangi ina kazi yake, kwa baadhi ya rangi inaisukuma iingie kwenye uzi, lakini chumvi baada ya nguo kuchuja haifungi kitu, umefanya kachumbari. Mwingine kasema waongeze bluu ya kufulia, ile haishiki uzi, inakaa juu ili nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi, wangechuja mara mbili. Mwenye kazi mwenyewe alikuwa na wazo la kisanii, kwamba aache zichuje, rangi ihamie kwenye miili, iwe ndo maana ya kazi, historia inaingia kwenye ngozi. Nikamwambia mwanangu wazo ni tamu sana ila huyo mwenzako kiuno kimebabuka kwa kostiki, na yeye hakukubaliana na maana hiyo, kakubali kucheza tu. Kama unataka rangi ihamie mwilini tafuta ya kujipaka, isiyodhuru, umuulize mwenye mwili kwanza. Hapo sikubembeleza.

Kilichofanyika ni hiki. Nguo tatu zilizokuwa pamba ya kweli tuliziokoa: tukazichemsha na sabuni, kuchemsha hasa, siyo vuguvugu, mana hatua hiyo ndo inayoondoa rangi iliyokaa juu na kuituliza iliyoingia ndani, na yeye alikuwa kaisahau kabisa, alisuuza maji baridi akaanika. Tukasuuza mpaka maji yakatoka meupe, maji ya mwisho tukatia siki kidogo, siyo ya kufunga rangi, ni ya kuua ukali wa kostiki iliyobaki ili isiwashe. Zilipauka kiasi, ila hazikuchuja tena, nilizisugua na kitambaa cheupe kilicholowa mbele yake aone. Mbili za tetroni zikatupwa nje ya shoo. Mojawapo ilikuwa ya mwisho, ile ya weusi, na mahali pake tukaweka kaniki ya dukani, ipo, inauzwa, imeshamaliza kuchuja ukiifua vizuri mara kadhaa. Ya pili ikazibwa kwa kutia rangi kitambaa kipya kwa siku moja, kwenye ndoo yangu, na mara hii kilifuliwa kwanza kutoa dawa ya kiwandani, kikakatwa baadaye. Nyeupe ilikuwa nyeupe, haikuwa na kesi.

Sasa upande wa dansi, ambao ndo naona ulimuumiza zaidi. Alitaka kupokezana kubaki kama kulivyokuwa, akawapigisha mazoezi mpaka saa tatu usiku wakijaribu kurudisha hesabu nane. Haiwezekani, mwili ulioloa hauongopi. Mwishowe mmoja wa wachezaji, siyo yeye, akaacha kurusha, akaikokota nguo nyuma yake chini kwa ncha moja, na aliye nyuma akaikanyaga, akajikuta kaishika kwa mguu. Wakacheka, alafu wakaacha kucheka mana ilikuwa ndo hiyo. Kitambaa kizito kinakokoteka vizuri kuliko kanga, kanga ingepeperuka tu. Kwaio kupokezana kukawa kwa chini, taratibu, hesabu kumi na sita, mpiga ngoma akaambiwa apunguze, na msafara ukawa na mahali unapovuta pumzi, kitu ambacho mwanzo haukuwa nacho. Kama wangekuwa na hizo nguo tangu wiki ya kwanza wangekifika hapo bila machozi na wangekuwa na muda wa kukisafisha. Hawakuwa nao, na usiku wa shoo mara mbili ncha ilimponyoka mtu.

Taa pia zilitaka kutuua. Mwenye taa alikuwa kapanga chungwa, kwa sababu jioni, mitaa, mwali, anaona chungwa. Ukimulika bluu kwa chungwa unaizima, mwanga ule hauna bluu ya kurudisha kwenye macho, nguo zote za katikati zikawa kijivu kimoja kichafu na ngazi yote ya rangi tuliyoipigania ikapotea. Akabadilisha upande mmoja ukawa mweupe, chungwa likabaki nyuma tu. Dakika tano za kazi, ila usipokuja na nguo kwenye mazoezi ya taa hutajua mpaka umeshakaa ukumbini na wazazi.

Alifaulu. Mwanzo wa kazi ulisifiwa, katikati watahini waliona pamelegea, na kulikuwa na mjadala kuhusu kaniki mana kanuni ya mtihani ilitaka mavazi yatengenezwe na mwanafunzi mwenyewe, na ile imenunuliwa. Aliandika maelezo ya ukurasa mmoja, wakamkata alama kidogo tu. Mimi ningekuwa mezani nisingemkata hata moja: kazi inazungumzia nguo ambayo wanawake walinunua nyeupe wakaigeuza nyeusi, na yeye kaweka ya dukani mwisho wa safu ya alizozigeuza kwa mkono, ni hoja hiyo, hata kama ililetwa na dharura. Ila kanuni ni kanuni, na angewauliza kabla.

Saivi anaandaa toleo la watu wanne, fupi, la kuchezea nje barabarani kama mdundiko wenyewe unavyotaka. Kitambaa kishanunuliwa, kimechomwa nyuzi, kimefuliwa, na wachezaji wanafanyia mazoezi hichohicho kikiwa bado cheupe, kikiwa kimelowa na kikiwa kikavu. Kutia rangi ilikuwa iwe jumamosi iliyopita kwangu, ila bomba halijatoa maji tangu jumatano na kwa ndoo za kununua siwezi kusuuza nguo za kostiki, kwaio tunasubiri.